Usawa wa Kijinsia Haupimwi kwa Mlango wa Danguro

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Hivyo ndivyo walivyolonga wahenga, nami sioni methali inayoufaa zaidi mjadala huu: je, kuwaruhusu wanaume kisheria kuwauzia wanawake miili yao ni hatua ya usawa wa kijinsia? Wapo wanaoshikilia kwamba, maadamu mwanamume amekuwa mnunuzi tangu jadi, haki ni mwanamke naye awe mnunuzi. Makala haya yanaipinga hoja hiyo.

Hebu tuutazame mfano halisi. Katika jimbo la Nevada, Marekani, baadhi ya kaunti zimeyapa madanguro leseni tangu miaka ya 1970. Hata hivyo, kwa muda mrefu ni wanawake tu walioweza kufanya kazi humo, kwani kanuni za afya zilidai sampuli ya mlango wa kizazi, kiungo ambacho mwanamume hana. Desemba 2009 bodi ya afya ya jimbo iliidhinisha kipimo kinachowafaa wanaume. Januari 2010 danguro dogo la Shady Lady Ranch, katika kaunti ya Nye, likampokea mwanamume wa kwanza wa kuwahudumia wanawake. Kufikia mwisho wa Machi alikwisha kuondoka, baada ya kupata wateja wasiofika kumi.

Ikumbukwe kwamba sisemi wanawake hawanunui. Pwani yetu, kuanzia Malindi hadi Diani, imejulikana kwa miaka mingi kwa vijana wanaofuatana na watalii wa kike kutoka Ulaya, baadhi yao wenye umri wa mama zao. Aghalabu mapatano hayo huvishwa vazi la mapenzi: zawadi, karo ya mdogo wake kijana, ahadi ya safari ya ng'ambo. Hapa mwanamke ndiye mwenye kibeti na ndiye mwenye kauli. Je, tuseme usawa umepatikana? La hasha! Mizani imepinduliwa tu, haijasawazishwa. Anayeamua ni mwenye fedha, awe wa kike au wa kiume, na anayeinama ni mhitaji.

Lugha yetu nayo ni shahidi. Ngeli za Kiswahili hazibagui jinsia. 'Malaya' na 'kahaba' ni maneno yanayoweza kumtaja yeyote. Lakini yatamke maneno hayo barazani uone ni nani atakayefikiriwa: mwanamke. Kijana wa kiume anayeishi kwa kazi iyo hiyo huitwa 'bichiboi', jina linalotaja mahali anapopatikana, wala halimvunjii heshima. Sarufi imetenda haki. Jamii ndiyo iliyokataa. Sheria ya danguro haiwezi kuiondoa taasubi hiyo.

Wapo watakaosema kuwa uhalalishaji huleta vipimo vya afya na ulinzi dhidi ya dhuluma. Hoja hiyo ina uzito, na inastahili kujadiliwa kwa jina lake yenyewe: afya na usalama wa wafanyakazi, wa kike na wa kiume. Isivikwe joho la usawa wa kijinsia.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 27, inawapa wanawake na wanaume haki ya kutendewa kwa usawa, pamoja na nafasi sawa katika siasa, uchumi, utamaduni na jamii. Hicho ndicho kipimo. Tuulize ni wasichana wangapi wanaorithi ardhi, ni akina mama wangapi wanaolipwa sawa na wanaume, na ni vijana wangapi wa Pwani wenye kazi isiyowalazimu kumngojea mtalii.

Nasi wanagenzi wa Kiswahili tuna wajibu wetu. Tuandikapo hadithi, tamthilia na tahakiki, tuyachunguze majina tunayowapa wauzaji na wanunuzi. Ikiwa aibu ni lazima itajwe, na igawanywe sawa.