Mbwa Aliaye Mlangoni

Iko hukumu moja itolewayo kila siku katika nyumba zetu bila shahidi wala utetezi. Mwenye nyumba hurudi jioni kutoka kazini akakuta mlango umekwaruzwa, kiatu kimetafunwa, sakafu imeloa mkojo, na jirani yuko uani akinung'unika kwamba mbwa amelia tangu asubuhi. Papo hapo fimbo hutwaliwa. Mshtakiwa hupigwa, hufungwa mnyororo mfupi, na akirudia kosa huchukuliwa akatupwa barabarani mbali na kwao. Mimi nasema, ee msomaji, kwamba hukumu hii ni dhuluma. Aghalabu aadhibiwaye ni mgonjwa, na amwadhibuye ana sehemu yake katika ugonjwa huo.

Ugonjwa wenyewe ni kihoro cha kuachwa, na waganga wa wanyama waujua vema. Huanza upesi baada ya bwana wa mbwa kuondoka, mara nyingi kabla ya nusu saa kwisha. Mbwa hulia kwa sauti ndefu, huzunguka huku na huku, hutokwa na udenda, na hukataa hata nyama aipendayo. Hukwaruza mlango mpaka kucha zikatoka damu. Angalia vitu aviharibuvyo: ni mlango aliotokea bwana wake, dirisha lielekealo njia, na vazi lenye harufu ya mtu aliyeondoka. Mwivi hutafuta mali. Mnyama huyu anamtafuta mtu.

Watetezi wa fimbo wana neno lao. Husema, “Mbwa anajua kosa lake. Tazama anavyoinamisha kichwa na kukunja mkia nirudipo!” Hoja hii ina sura ya ukweli, lakini imepimwa ikaonekana pungufu. Mwaka 2009 mtaalamu mmoja wa Marekani, Alexandra Horowitz, alitangaza jaribio lake. Wenye mbwa waliambiwa kwamba mbwa wao amekula chakula alichokatazwa. Pengine habari hiyo ilikuwa kweli, pengine ilikuwa uongo. Ikaonekana kwamba uso ule uitwao wa hatia ulitokea mbwa alipokemewa, ingawa hakuwa amekula kitu. Kwa hiyo kile tukiitacho toba ni hofu ya mkono ulioinuliwa. Mbwa apigwaye jioni kwa jambo la asubuhi hajifunzi kuacha jambo lile. Hujifunza kuogopa kuondoka kwa bwana wake na kuogopa kurudi kwake pia, na hivyo maradhi moja huwa mawili.

Fimbo ikishindwa, huletwa udhuru wa pili: “Niliuziwa mbegu mbaya.” Hapa yafaa tupime maneno kwa mizani, maana ndani yake mna chembe ya kweli na mzigo wa makosa.

Chembe ya kweli ni hii. Mbegu nyingi za mbwa zilitengenezwa na wanadamu kwa kazi za kuwa karibu na wanadamu. Mbwa mchungaji wa Kijerumani, apendwaye sana na wenye nyumba wa Nairobi, alianza kufugwa kwa mpango maalumu mwaka 1899, Max von Stephanitz alipounda chama cha mbegu hiyo. Kazi yake ilikuwa kwenda na mchungaji tangu kucha hata kuchwa, macho yakimtazama na masikio yakingoja amri. Labrador aliteuliwa kumwokotea mwindaji ndege walioanguka. Wale wadogo wa mapajani waliteuliwa kwa kizazi baada ya kizazi ili wasibanduke miguuni pa watu. Wanyama wa namna hii ndio watajwao mara kwa mara panapozungumzwa kihoro cha kuachwa. Basi, ni ajabu gani kununua kiumbe aliyeumbiwa usuhuba, kumfungia peke yake saa kumi kila siku, kisha kumlaumu kwa kuutaka usuhuba huo? Ni kama kununua samaki na kumkemea kwa kupenda maji.

Mzigo wa makosa ni kudhani kwamba mbegu ndiyo kila kitu. Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walitangaza uchunguzi wa mbwa zaidi ya 18,000, wakaona kwamba mbegu hueleza sehemu ndogo tu, kama 9 katika mia, ya tofauti za tabia baina ya mbwa na mbwa. Mbwa wetu wa kienyeji, asiye na cheti cha nasaba, naye aweza kulia mlangoni. Wahenga walisema, mchele mmoja mapishi mbalimbali. Mwaka 1965 John Paul Scott na John Fuller walieleza katika kitabu chao kwamba muda baina ya juma la tatu na juma la kumi na mbili la umri wa kilebu ndio wakati mkuu wa kuzoea viumbe na mambo ya dunia. Atakayoyakosa wakati huo ni vigumu kuyapata baadaye. Samaki mkunje angali mbichi, na mbwa mfundishe upweke kidogo kidogo angali mdogo.

Wako tena wasemao, “Mbwa akizoea watu hawezi kulinda.” Nawajibu kwa swali moja. Mbwa aliaye mchana kutwa huwafundisha majirani kutoisikiliza sauti yake. Mwivi atakapokuja usiku na mbwa akabweka kwa haki, ni nani atakayeamka?

Na mwingine ataniuliza kwa uchungu, “Watu wana njaa, nawe walilia mbwa?” Swali hili ni zito, wala silidharau. Lakini hapana aliyelazimishwa kufuga. Mtu aletaye mnyama nyumbani amejitwika ahadi, na ahadi haipunguzwi na shida za jirani. Tena huruma hii haidai mali. Yadai saa chache na subira. Hata sheria imekwisha kusema neno lake, kwani Sura ya 360 ya Sheria za Kenya yakataza ukatili kwa wanyama.

Dawa ipo, wala si siri. Mbwa apewe matembezi ya kutosha kabla ya kuachwa. Azoezwe kuachwa kwa dakika moja, kisha mbili, kisha kumi, na muda uongezwe pale tu anapokuwa ametulia. Kuondoka na kurudi kusiwe na vishindo. Aachiwe kitu salama cha kutafuna kitakachomshughulisha. Ikiwa kihoro kimekomaa, apelekwe kwa mganga wa wanyama. Ziko dawa ziwezazo kumtuliza, maadamu mafunzo yaenda pamoja nazo. Na yule ambaye nyumba yake ni tupu kutoka alfajiri mpaka usiku, siku zote za juma, ushauri wangu kwake ni mfupi: asifuge mbwa.

Kijana msomaji, neno hili lakuhusu kuliko udhanivyo. Shule zetu zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, watoto walikuwa nyumbani mchana kutwa, na mbwa aliyekuwapo alipata wenzi wa kila saa. Shule zilipofunguliwa tena, wenzi hao wakaondoka. Wewe uliyelala shule ya bweni wajua usiku wa kwanza ulivyo mrefu. Hata hivyo wewe uliambiwa unakokwenda, ukahesabu siku za kufunga shule, ukapata mwenzako wa kitanda cha pili. Mbwa hana kalenda. Kila mlango ufungwapo, kwake yamkini umefungwa milele. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kesho utakuwa mwenye nyumba, na ufunguo utakuwa mfukoni mwako. Kilebu atakapoletwa mbele yako, mzuri wa kutazamwa na rahisi wa bei, usiulize kwanza mbegu yake wala ukali wake. Uliza: ni nani atakayekuwa naye saa nne asubuhi? Kama huna jibu, mwache kwa mama yake. Na kama umekwisha kumchukua, ukarudi jioni ukakuta mlango umekwaruzwa, iweke fimbo chini. Alama zile ni barua ya asiyejua kuandika. Isome kabla hujahukumu.