Hesabu ya Mavuno na Misiba



Wamo miongoni mwenu watakaostaajabu kuona karatasi ya chama cha Visiwani ikiandika khabari za Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili zilizoko mkoani Kagera, mpakani mwa Rwanda na Uganda. Twawaomba wasifanye haraka. Nchi ile haikuwa ngeni kwa watu wetu. Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861 alizifuata njia zilizokwisha kukanyagwa na misafara ya pwani, na Stanley alipopita mwaka 1876 aliwakuta wafanyabiashara kutoka huku kwetu wamekwisha kujenga makao yao Kafuro. Wale walikwenda kutafuta pembe. Sisi twaitazama Karagwe kwa sababu imo ndani yake dalili ya haja kubwa tuliyo nayo hapa nyumbani, nayo ndiyo tunayotaka chama chetu kiibebe mbele ya wananchi: Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiwe na shahada ya kwanza ya takwimu bima.

Takwimu bima ni elimu ya kuipima khatari kabla haijafika. Mwenye elimu hii hutazama daftari za miaka iliyopita, akajua katika watu elfu wa umri fulani hufa wangapi kwa mwaka, au katika misimu ishirini mavuno hukosekana mara ngapi. Kisha hukokotoa kila mtu atoe shilingi ngapi leo ili kesho aliyefikwa alipwe na mfuko usifilisike. Haisemi nani atakayefikwa. Hilo analijua Mungu peke yake. Husema tu jamii nzima iweke akiba kiasi gani. Katika Scotland mwaka 1744 wachungaji wa kanisa waliunda mfuko wa wajane na mayatima wao kwa hesabu hii, na makisio yao ya miaka ishirini mbele yalikuja kukaribia mno ukweli. Hawakuwa mabwana wa benki. Walikuwa watu wa kawaida waliochoka kuona wajane wakiomba.

Sasa na tuitazame Karagwe. Wilaya ile, pamoja na Kyerwa iliyozaliwa kutoka ubavuni mwake mwaka 2012, huishi kwa mgomba na mbuni. Mgomba hulisha nyumba, mbuni huleta fedha. Kahawa huvunwa kuanzia Mei, lakini ada ya shule na dawa ya mgonjwa havingoji Mei. Basi mkulima aliyebanwa humwendea mwenye fedha, akamwuzia kahawa ingali maua mtini. Biashara hiyo kwao huitwa butura. Viongozi wameipiga marufuku mara nyingi, na mara nyingi imerudi, kwa kuwa amri haimlipii mtu ada.

Tuchukue mfano wetu wenyewe ili hesabu ionekane. Mkulima apewe shilingi 100,000 mwezi wa Januari kwa gunia ambalo mwezi wa Julai litauzwa 300,000. Katika miezi sita amelipa 200,000 kwa kukopeshwa 100,000. Hakuna benki itakayothubutu kuiandika riba hiyo ukutani. Lakini kwa kuwa haikuitwa riba, ikaitwa mauzo, hupita bila kuonekana. Waislamu tunajua kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kupevuka kwake. Hekima yake mkulima wa butura huiona kila msimu. Na bei ya kahawa aina ya robusta ilipopanda duniani hadi kuvunja rekodi mwaka 2024, faida ya mzigo uliouzwa maua haikuwa tena ya aliyeulea mti.

Lakini watu wale wale wana jambo jingine la kusifiwa. Kagera ina vyama vya kuzikana ambavyo wanavijiji waliviunda wenyewe: kila kaya hutoa fedha, au chakula, au kazi ya mikono, na ukifika msiba mfiwa hasimami peke yake. Wataalamu walikwenda mwaka 2000 katika kijiji cha Nyakatoke, upande wa Bukoba, wakaziuliza kaya zote 119 nani humsaidia nani, na kazi yao sasa husomwa katika vyuo vya dunia nzima. Sisi Visiwani hatuhitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Hakuna mtaa wa Unguja wala Pemba usiojua kuchangia maziko.

Tuseme chama cha kuzikana kina kaya 100, na kila msiba hugharimu shilingi 400,000. Ikiwa misiba ni mitatu kwa mwaka, kila kaya itatoa 12,000, na mambo yatakwenda. Ikiwa misiba ni tisa, kila kaya itatoa 36,000, na walio wanyonge wataanza kujitoa, mzigo uwaelemee waliobaki, mpaka chama kife. Kagera imeyaona hayo. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na baada ya hapo vifo vya watu wazima, khasa wenye nguvu za kazi, vilizidi kila kipimo ambacho wazee walikizoea. Utafiti mkubwa ulianza mwaka 1991 katika kaya zaidi ya 900 za mkoa mzima, na watu wale wale wakafuatwa tena mwaka 2004 na mwaka 2010. Hiyo ni hazina ya takwimu ambayo nchi nyingi hazina. Twauliza: wangapi katika vijana wetu wanaweza kuifungua daftari hiyo na kutoka na kiwango cha mchango wa haki kwa chama cha kuzikana cha Kyerwa au cha Wete?

Lipo jambo la pili. Kifo humchukua mtu mmoja mmoja, lakini ukame, maradhi ya mimea na tetemeko huwapiga watu wote kwa pamoja. Mnyauko wa migomba uliothibitika Kagera mwaka 2006 haukuchagua shamba la mmoja. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye nguvu ya 5.9, liliangusha nyumba za jirani pamoja na nyumba ya aliyetarajiwa kumsaidia. Hapo mfuko wa kijiji hauna la kufanya, maana wote ni wafiwa. Dawa yake ni kuungana na watu wa mbali ambao khasara yao haiji siku moja na yetu.

Taarikhi yetu wenyewe inashuhudia. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliifyeka mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Toka hapo Pemba ndiyo iliyobeba karafuu ya nchi. Lau kungalikuwako mfuko mmoja wa wakulima wa visiwa viwili, wenye shamba wa Unguja wasingalikimbilia kuweka rehani ardhi zao. Basi ikiwa Unguja na Pemba, zilizo karibu hivi, zaweza kupishana hivyo, jee, karafuu ya Mkoani na kahawa ya Kayanga? Mwaka mbaya wa moja si lazima uwe mwaka mbaya wa nyingine. Mkulima wa Karagwe na mkulima wa Pemba, ambao hawajapata kuonana, wanaweza kuwa ngao mmoja kwa mwenziwe, kwa sharti kwamba yupo mtu wa kuipima kwa uaminifu khatari ya kila upande, ili huyu asimbebe yule bila haki. Huo ndio udugu tunaoutaka, unaoandikwa katika daftari na kukaguliwa na pande zote mbili.

Wala udugu wa misiba hatukuuanza leo. Meli ya Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na watu wa Kagera wakazika mamia. Meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa njiani kwenda Pemba. Katika misiba yote miwili idadi ya abiria waliopakiwa ikawa jambo la kubishaniwa baada ya maiti kutolewa. Nchi isiyohesabu watu wake wanapopanda meli haiwezi kuwalipa sawasawa warithi wao. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila khabari. Na roho za watu ni zaidi ya mali.

Sasa tuje kwenye siasa, maana sisi ni chama cha siasa. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma iliunganishwa, na kanuni mpya zikaweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 25. Kelele zikawa nyingi, na Disemba mwaka huo huo Rais Magufuli akaisimamisha kanuni. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Mwaka 2024 Serikali ikatangaza asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakipata 50 zamani. Mwalimu wa Karagwe, na Mzanzibari aliye katika utumishi wa Muungano, wamekisikia kikokotoo kikitajwa kila mwaka, lakini hawakuwekewa mezani hesabu iliyokizaa. Huenda moja ya namba hizo ilikuwa sahihi. Sisi hatuwezi kusema, na hilo ndilo linalotuuma. Waziri akisimama kusema kwamba mfuko hautahimili, chama cha upinzani kisicho na mjuzi wa hesabu hiyo hubaki na mambo mawili tu: kupiga makofi au kupiga kelele. Na sisi tunao mfuko wetu wa ZSSF uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1998, na Shirika letu la Bima lililoundwa mwaka 1969. Wenye fedha zilizomo humo ni wananchi. Wanastahili kuwa na watoto wao wanaoweza kuzisoma.

Yatasemwa mengi kuupinga ushauri huu. Watasema Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha elimu hii. Ndivyo, na twakishukuru. Lakini msichana wa Micheweni ambaye baba yake hana nauli hafiki huko, na karafuu na mwani havitaingia katika mitihani ya watu wasiovijua. Watasema bima ina shaka katika dini. Basi bima ya kusaidiana kwa mujibu wa sharia nayo yahitaji hesabu hiyo hiyo, maana mfuko wa takafuli uliokokotolewa vibaya huwadhulumu wanachama wake kama mwingine wowote. Watasema kazi zitakuwa wapi. Zitakuwa katika mifuko ya pensheni, bima ya afya, vyama vya ushirika na bandari. Na hata mmoja akiingia Baraza la Wawakilishi, nchi imepata faida.

Kwa hiyo twapendekeza mkutano mkuu wa chama uyapitishe haya. Kwanza, shahada hii iwekwe Tunguu, na ndani yake mfundishwe hesabu, sheria, takafuli na uchumi wa kilimo. Pili, kila mwanafunzi akae msimu mmoja mashambani, Pemba au Karagwe na Kyerwa, akifanya kazi na vyama vya kuzikana na vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa, na kazi yake ya kumalizia aiandike pia kwa Kiswahili, ili waliompa takwimu waisome. Tatu, pawekwe nafasi maalumu za msaada wa masomo kwa watoto wa wakulima na wavuvi. Nne, kila tathmini ya mfuko wa umma ichapishwe yote, pamoja na makisio yake, kabla kanuni haijabadilishwa.

Jambo la nne halingoji chuo wala fedha. Kila tawi liliandikie barua ofisi inayohusika mwezi huu, kwa adabu na kwa jina la chama, na nakala zihifadhiwe tawini. Tukinyimwa, tutajua la kuwaambia wapiga kura. Tukipewa, tutajua khasa haja yetu ya watu wa kuzisoma.