Kofia Ngumu Haitoshi

Karibu kila eneo la ujenzi hapa Kigali lina kibao: vaa kofia ngumu, vaa buti. Ni agizo zuri, silipingi. Ninachopinga ni fikra kwamba kichwa cha mfanyakazi ni cha kuangukiwa na tofali tu, si cha kuwaza.

Likizo iliyopita nilifanya kibarua Kicukiro nikiwa saidia fundi, yule tunayemwita umuyede. Kubeba zege kulinichosha mwili, lakini usingizi ulinipotea kwa sababu nyingine. Jumamosi ya malipo ilifika, kapita akasema tusubiri. Ya pili, tusubiri. Mwenzetu mmoja, baba wa watoto watatu, aliacha kula mchana, kisha akaacha kuongea. Siku moja alisimama ukingoni mwa ghorofa ya nne akitazama chini kwa muda mrefu. Fundi mmoja alimshika mkono, wakashuka pamoja. Kesho yake hakuja. Nafasi yake ilijazwa kabla ya saa mbili asubuhi, na hakuna aliyeuliza.

Wapo wanaosema nchi iliyopitia mwaka 1994 imeona makubwa zaidi, mshahara kuchelewa si kitu. Mimi nasema kinyume chake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionesha kuwa sonona kali inawagusa watu 12 kati ya 100, na kwa manusura wa mauaji ya kimbari ni 35 kati ya 100. Wapo vijana wanaopanda majukwaa waliotoka katika nyumba hizo. Aliyekwisha kubeba mzigo hapaswi kuongezewa mwingine kwa hoja kwamba ameuzoea.

Wengine hutukumbusha kuwa machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni, na kwamba mvumilivu hula mbivu. Mbivu hizo anakula nani? Jengo linapozinduliwa, aliyevumilia hayupo hata kwenye picha.

Sheria ya kazi ya mwaka 2018 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama kazini. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu mkataba wa mdomo usiozidi siku 90 mfululizo, na humo ndimo kibarua anamopotea. Kwa hiyo sidai mabango ya kuhimiza tabasamu. Nadai kwanza malipo kwa wakati na karatasi yenye jina la mfanyakazi, hata akifanya kazi wiki mbili. Pili, kila eneo liwe na mfanyakazi aliyechaguliwa na wenzake, akafunzwa kusikiliza na kumsindikiza mwenzake hadi kituo cha afya. Vijiji vyetu vina wahudumu wa afya waliochaguliwa na wanakijiji. Kwa nini eneo lenye watu mia mbili lisiwe naye hata mmoja? Huko Queensland, Australia, sekta ya ujenzi ilianza kuwafunza wafanyakazi kuwatambua wenzao walio hatarini mwaka 2008. Fundi aliyemshika mwenzetu mkono hakufunzwa na mtu. Hatuwezi kutegemea bahati hiyo kila siku.

Wenzangu, na wahadhiri wetu, tunasomea katika madarasa waliyoyajenga. Jengo jipya litakapozinduliwa chuoni, kabla ya kupiga makofi tuulize swali moja: waliolijenga walilipwa lini?