Umesoma Wapi, au Waweza Nini?

Katika nchi yetu liko swali moja linalotangulia maswali mengine yote kila msomi anapobisha mlango wa kazi. Swali lenyewe ni hili: Umesoma wapi? Likijibiwa kwa jina la mji wa ng'ambo, uso wa muulizaji hukunjuka. Likijibiwa kwa jina la mji wa hapa kwetu, uso hubaki ulivyo. Mimi nasema kwamba swali hilo halistahili heshima linayopewa. Limewapoteza wazazi wengi pamoja na watoto wao, na mahali pake pafaa papewe swali jingine lenye haki zaidi: Waweza nini? Wewe usomaye maneno haya umekaribia umri wa kuulizwa. Yapime, na kama yana kosa yatupe. Lakini usiyatupe kabla ya kuyapima.

Tuanze na asili ya jambo. Heshima ya shahada ya ng'ambo haikuzuka bure. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kukodiwa iliondoka Nairobi kwenda New York ikiwa imechukua wanafunzi 81. Marehemu Tom Mboya alikuwa mstari wa mbele katika shughuli hiyo, na ndege nyingine zikafuata. Siku zile Kenya haikuwa na chuo kikuu kilicho kamili. Chuo cha ufundi kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1956 kilikuja kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na Chuo Kikuu cha Nairobi hakikusimama kwa miguu yake mpaka mwaka 1970. Kijana aliyetamani shahada alikuwa na njia mbili tatu tu: Makerere, au safari ya mbali. Uhuru ulipofika Desemba 1963, maofisa wa Kiingereza walikuwa wakiondoka, na watu wa kushika nafasi zao walikuwa haba. Aliyerudi na shahada alikuta kiti kikimngoja.

Sasa tazama vizuri ni nini kilichompa kiti kile. Wazee wetu waliona ndege, wakaona shahada, wakaona kiti, wakafunga hesabu yao hapo: ndege huleta kiti. Hesabu hiyo ilikuwa na pengo. Kilichomweka mtu kitini ni uchache wa wasomi pamoja na wingi wa nafasi. Maji ya jangwani huuzwa ghali kwa sababu ya jangwa. Yapeleke maji yale yale kando ya ziwa uone kama atatokea mnunuzi. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2024, watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata alama ya C+ au zaidi, nayo ndiyo alama ya kuingilia chuo kikuu. Abiria 81 wa ndege moja na watahiniwa 240,000 wa mwaka mmoja si hesabu za namna moja, nakubali. Lakini zinaonyesha wazi kwamba tumetoka jangwani tukafika kando ya ziwa. Sababu ya heshima imekwisha, na heshima imebaki inatembea peke yake kama kivuli kisicho na mtu.

Madhara yake ni makubwa. Mzazi huuza shamba la urithi, hukopa kwa majirani, huitisha harambee, ili mwanawe apande ndege. Mara nyingi huwa hajauliza mtoto anakwenda kujifunza nini, wala kazi yake ni ipi, wala nani atamwajiri akirudi. Ameridhika na jina la nchi. Mwaka 2023 wazazi wa Kaunti ya Uasin Gishu walijitokeza hadharani mjini Eldoret wakidai fedha walizolipa kwa ajili ya mpango wa kuwapeleka watoto wao kusoma Finland na Kanada. Wapo watoto ambao hawakusafiri kabisa, na wapo waliofika huko wakapata taabu kwa karo isiyolipwa. Mambo hayo yalifikishwa mahakamani, na hukumu si yangu kuitoa. Ninalosema ni kwamba imani ya mzazi katika neno "ng'ambo" ilikuwa kubwa kiasi cha kumfumba macho, na mwenye macho yaliyofumbwa huongozwa na yeyote amshikaye mkono.

Tuseme mtoto amefika salama, amesoma, amefuzu, amerudi. Je, mlango u wazi? Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliweka utaratibu wa kuzitambua shahada za nje na kuzilinganisha na za hapa. Kwa hiyo karatasi yenye muhuri wa dhahabu huweza kurudishwa ikiwa chuo kilichoitoa hakitambuliwi hata kwao. Aliyesomea udaktari nchi za nje hufanya mtihani wa baraza la madaktari la Kenya kabla ya kuruhusiwa kuingia hospitali kwa mwaka wa mazoezi. Aliyesomea sheria London hawi wakili wa Kenya kwa shahada ile peke yake. Hupita katika Chuo cha Sheria cha Kenya na mitihani yake, na huenda akatakiwa kwanza kusoma masomo ambayo hakuyasoma huko. Taratibu hizi si uonevu. Mgonjwa wa Turkana au wa Taita ana haki ya kujua kwamba amtibuye amepimwa. Uonevu ni kumwacha kijana azitambue taratibu hizi baada ya miaka minne na shamba limekwisha kuuzwa, hali angeweza kuziuliza kwa nauli ya basi.

Yuko atakayejibu: "Kama mlango wa nyumbani ni mzito, nitabaki huko huko." Basi na ajue masharti ya huko. Kwa kanuni za Marekani zilivyokuwa mwaka 2024, mwanafunzi mgeni aliyemaliza shahada aliruhusiwa kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12, na waliosoma sayansi, uhandisi au hisabati waliweza kuongezewa miezi 24. Katika ile miezi 12 ya kwanza, aliyekaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla alikuwa amevunja masharti. Baada ya hapo alihitaji mwajiri wa kumwombea viza ya kazi, na viza hizo kwa makampuni ya kawaida zilikuwa 85,000 kwa mwaka kwa watu wa dunia nzima. Waombaji walipozidi idadi hiyo, kura ilipigwa. Uingereza nayo ilifungua mwaka 2021 ruhusa ya miaka miwili kwa waliohitimu. Mwaka 2025 ikatangaza kwamba itaipunguza iwe miezi 18. Mwenye nyumba hupanga muda wa mgeni, na hakuna wa kumlaumu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Katika hao waliopanda ndege zamani, yuko mmoja ambaye maisha yake yanafundisha kuliko insha yangu. Wangari Maathai alikwenda Marekani mwaka 1960, akasoma baiolojia huko Kansas, akapata shahada ya pili Pittsburgh. Mwaka 1966 alirudi Nairobi akiwa na barua ya kuahidiwa kazi ya usaidizi wa utafiti katika chuo kikuu. Alipofika aliambiwa kwamba kazi ile amepewa mtu mwingine. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2006 ameeleza kwamba aliamini sababu zilikuwa mbili: jinsia yake na kabila lake. Angalia basi: zile zilikuwa siku za uhaba, siku ambazo viti viliwangoja wasomi, na bado shahada mbili za Marekani hazikumfungulia. Aliyemfungulia ni Profesa Reinhold Hofmann kutoka Ujerumani, aliyekuwa katika idara ya anatomia ya mifugo katika chuo hicho hicho na alihitaji mtu mwenye ujuzi wa kazi ya maabara. Ujuzi huo Wangari alikuwa nao mikononi. Mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari wa falsafa, na mwaka 2004 Tuzo ya Amani ya Nobel. Mlango wa kwanza ulimwuliza yeye ni nani. Mlango wa pili ulimwuliza aweza nini. Kenya ilipata faida kwa mlango upi?

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza itasema: "Huyu mwalimu alifunzwa katika chuo cha ualimu cha hapa hapa, hakupanda ndege, anasema sizitaki mbichi hizi." Lakini sikuzikataa ndizi hizo, wala simkatazi mtu kuzichuma. Kuna maarifa ambayo hayajafika kwetu, na anayeyafuata mbali ili ayalete nyumbani anastahili kushukuriwa na kulipwa. Ninachokataa ni kumsifu mtu kwa umbali aliosafiri. Mzigo haupimwi kwa urefu wa njia uliyopita. Hupimwa kwa kilichomo ndani.

Pingamizi ya pili ina nguvu zaidi. Itasema: "Uwezo haumpi mtu kazi Kenya, kazi hupatikana kwa kujuana." Siwezi kukana kwamba ugonjwa huo upo. Lakini nauliza: ugonjwa huu hulishwa na nini? Hulishwa na maswali yasiyohusu kazi. Anayezoea kuuliza "Umesoma wapi?" hakawii kuuliza "Umetoka wapi?", na kutoka hapo ni hatua moja mpaka "U mwana wa nani?" Maswali hayo matatu ni ndugu, yamenyonya ziwa moja. Hatuwezi kumkumbatia wa kwanza tukategemea wa tatu asiingie ndani.

Kwa hiyo, kijana, fanya mambo haya. Ukipewa nafasi ya kwenda ng'ambo, kwanza uliza kama chuo hicho kinatambuliwa na kama somo hilo lina kazi, hapa au huko. Uliza kabla ya shamba kuuzwa, tena uulize ofisini, si kwa wakala apataye fungu lake kwa kila kichwa anachosafirisha. Ukisha kufika, usilale ukingojea karatasi. Jifunze kutenda jambo ambalo mtu akiliona ataridhika hata kabla ya kuona cheti, kwa maana mkono mtupu haulambwi. Ukirudi ukakosa kazi mara ya kwanza, usijifiche mjini kwa aibu ya kuwakabili waliokuchangia. Nenda nyumbani uwasalimu. Walikuchangia uelimike, na elimu hiyo ungali nayo. Na ukibaki hapa ukasoma Maseno, Njoro au Eldoret, usitembee umeinamisha kichwa kana kwamba umesoma nusu.

Neno langu la mwisho ni la siku zijazo. Baadhi yenu mnaosoma kitabu hiki mtakaa upande wa pili wa meza, mkiwa wakuu wa shule, wa hospitali, wa makampuni na wa idara za serikali. Mbele yenu watasimama vijana wawili, mmoja ametoka Manchester na mwingine Maseno, kila mmoja na bahasha yake mkononi, na nyuma ya kila mmoja kuna mama aliyeuza kitu. Wapeni wote wawili kazi ile ile ya kujaribiwa, muitazame kwa makini, kisha mmchukue aliyeifanya vizuri.