Yesu Aliuliza Kwanza

Leo fungua Marko sura ya 9, usome polepole kuanzia mstari wa 14. Baba amemleta mwanawe anayeanguka na kutoa povu. Wanafunzi wamejaribu, wameshindwa, na sasa kuna mabishano na waandishi huku mtoto angali anateseka. Yesu anapoletewa kijana, kabla hajakemea chochote, anamgeukia baba na kutaka kujua hali hiyo ilianza lini. Baba anajibu kwamba ilianza utotoni. Mwana wa Mungu, ajuaye yote, aliuliza!

Wachungaji wengi hapa kwetu hawaulizi. Msichana wa kidato cha pili wiki tatu haongei, hali, halali. Analetwa mbele, anamwagiwa mafuta, anapigiwa kelele, na asipobadilika anaambiwa ana dhambi ya siri au ukoo wao una agano na mizimu. Kijana anasikia sauti, mama yake anaambiwa afunge siku saba. Ndugu mchungaji unayesoma hapa, na najua mko wengi, mtoto huyo angevunjika mguu ungempeleka hospitali ya misheni hata kabla hujafungua Biblia. Ubongo nao si kiungo cha mwili? Isaya alikuwa na neno la uponyaji kwa mfalme Hezekia, na bado akaagiza jipu lake libandikwe tini.

Kuna watakaosema nimepoa. Pepo wapo, nami nawakemea kwa jina la Yesu. Lakini baada ya Shakahola mwaka 2023, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watoto, mtumishi anayemzuia mgonjwa asione daktari asitarajie nimtetee.

Tazameni walichobeba hawa watoto. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikataa misimu mitano mfululizo. Walihesabu ng'ombe wakifa mmoja mmoja. Wako wa upande wa Mutha waliosikia risasi. Wako wanaolelewa na nyanya kwa sababu mama anafua nguo Nairobi. Wataalamu wanasema takriban nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla ya miaka 18, na sisi tunasema mtoto hana mawazo, ni utundu tu.

Serikali ya kaunti nayo isikae kando ikishangilia tunavyokemeana. Afya iko mikononi mwao tangu 2013, na Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa 2022 inazitaka kaunti zifikishe huduma hiyo kwa wananchi. Lakini mzazi wa Kanziko anayetafuta daktari wa akili kwa mtoto wake bado anawaza kuuza mbuzi apate nauli ya Nairobi. Akikosa, anaishia kwa mundu mue.

Hatuombi jumba la ghorofa. Ng'ambo ya Mto Athi, kule Makueni, watafiti wakiongozwa na Profesa David Ndetei waliwaleta pamoja wauguzi, waganga wa kienyeji, waombeaji na wahudumu wa afya wa vijijini. Wakafundishwa kutambua dalili za sonona na kumwelekeza mtu kliniki iliyo karibu. Waombeaji, mmesikia? Hakuna aliyewaambia waache kuomba. Kwa nini hapa isiwezekane? Muuguzi mmoja aliyefundishwa katika kila zahanati, mshauri anayezunguka shuleni, na wale wahudumu wenye mikoba waulize habari za watoto wanapopima presha ya mzee. Kwenye vikao vya bajeti tunaomba mabwawa ya mchanga na barabara. Ni vizuri, tuna kiu. Kikao kijacho nataka akina mama wa kanisa hili wasimame mbele ya mwakilishi wadi waombe na hilo, tena waulize limetengewa shilingi ngapi.

Na kwa mzazi anayemficha kijana aliyejaribu kujiua kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kile kifungu cha 226 kilichofanya jambo hilo kuwa kosa kinakiuka Katiba. Mtoe nje. Nitaandamana nawe hadi hospitalini, na tutaomba njiani.

Mtoto akikuambia amechoka kuishi, usingoje ibada ya Jumapili. Kaa naye, usimwache peke yake. Piga 116, ni bure, usiku na mchana.