Kiwavi Huyu Si Yule wa Wazee Wetu

Huku Fizi na Baraka bado watu wanasema: viwavi wa mahindi tunawajua tangu zamani, watapita. Sikubali. Kiwavijeshi wa kitambo, mzaliwa wa Afrika, huja kwa makundi mvua zikianza, hula, kisha hutoweka. Huyu wa sasa ametoka bara la Amerika. Alitambuliwa Afrika Januari 2016, na kufikia 2017 alikuwa ameshaingia Kongo. Yeye hapumziki: aliyekula mahindi ya msimu A huzaa wa kula ya msimu B, na mahindi ya mabondeni humtunza kiangazi. Mtazame vizuri. Kichwani ana alama kama Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yaliyopangika mraba.

Wengine wanasema afadhali, kwa kuwa amemfukuza bungua, mtoboa bua wetu. Bungua amemwachia mahindi, ni kweli, lakini kaenda wapi? Nchini Uganda watafiti walimkuta zaidi kwenye mtama kuliko kwenye mahindi. Basi anayelima vyote viwili ana wezi wawili. Wala mgeni hakushinda kwa bahati. Nondo mmoja hutaga mayai zaidi ya 1,000. Watoto wake huwahi moyo wa muhindi, na wakikomaa huwala viwavi wengine, hata ndugu zao. Maadui wengi waliokuwa wakimpunguza alikotoka hawakusafiri naye.

Dawa itammaliza? Akishajificha ndani ya moyo, kinyesi chake kikiziba juu, dawa haimfikii. Inaowaua ni nyigu na buibui waliokuwa wakimwinda.

Linaloniumiza zaidi ni kusikia watu wakisema kwamba mgeni hashindwi, tukae tu. Miaka ya 1970 mdudu mweupe kama unga, kutoka Amerika ya Kusini, aliingia Zaire akakunja machipukizi ya muhogo, yaleyale tunayochumia sombe. Mwaka 1981 kijinyigu kinachoitwa Anagyrus lopezi kilipatikana Paraguay, kikaletwa Afrika, kikatagia mayai ndani ya mdudu yule. Nchi baada ya nchi, mihogo ikapona.

Kwa kiwavi huyu tuanze na mikono yetu. Muhindi ukiwa bado mchanga, pita shambani asubuhi, geuza majani, na kila fungu la mayai lenye manyoya utakaloliona, liponde hapohapo.