Nani Kasema Hawataelewa?

Imekuwa desturi katika mabaraza yetu ya fasihi, hapa visiwani na huko bara, kwamba riwaya ikikosa njia iliyonyooka hupigwa muhuri mmoja tu: haieleweki. Alipigwa muhuri huo marehemu Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, zilipotoka Nagona na Mzingile mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sasa nimepigwa mimi, nisiyefikia hata kivuli chake, kwa kosa la kutafsiri riwaya ya Mjapani. Mchapishaji niliyempelekea mswada alinijibu kwa upole kwamba lugha ni nzuri, lakini “mwananchi wa kawaida” hataielewa. Nauliza kwa heshima zote: mwananchi huyo aliulizwa lini?

Riwaya yenyewe ni ya Haruki Murakami. Ilitoka Japani mwaka 1999, na mwaka 2001 ikatoka kwa Kiingereza kwa mkono wa Philip Gabriel, kwa jina la Sputnik Sweetheart. Kijapani sikijui, nimepitia mlango wa Kiingereza, wala sifichi. Sumire, msichana atakaye kuwa mwandishi, anampenda Miu, mwanamke aliyemzidi miaka 17. Msimulizi, mwalimu ajulikanaye kwa herufi K tu, anampenda Sumire. Hakuna apendaye akapendwa vile atakavyo. Kisha Sumire anatoweka katika kisiwa cha Ugiriki, asiache hata unyayo. Nyuma yake iko siri ya Miu: zamani, huko Uswisi, alisahauliwa usiku kucha juu ya pembea kubwa ya duara, akatazama kwa darubini chumba alichopanga, akajiona mwenyewe yumo ndani pamoja na mwanamume. Kulipokucha nywele zake zilikuwa nyeupe.

Kiangazi kilichopita nilikwenda Kahama kwa jamaa yangu mwenye duka la nguo, na kutoka huko tukafika Nyarugusu, katika mkoa wa Geita, anakopeleka bidhaa. Mswada ulikuwa mkobani. Jioni, makarasha yakishazimwa, niliusoma kwa sauti nje ya banda la chakula, kwa muda wa usiku sita. Wasikilizaji hawakuzidi kumi na watano: wachimbaji wadogo, mama lishe wawili, na kijana wa bodaboda.

Nilipofika kwenye “pembea ya duara” walicheka. Kwao duara ni shimo la dhahabu. Nikaeleza, nao wakanyamaza mpaka mwisho wa sura. Ndipo mchimbaji mmoja akasema: “Ustadhi, huyo mama hakuota. Mimi nilikaa chini siku mbili, matimba yamevunjika. Nilimwona mtu anatembea nyumbani kwangu, anakula na watoto wangu. Alikuwa mimi.” Hakuna aliyemcheka huyo.

Usiku mwingine ilikuja habari ya Laika, mbwa aliyerushwa angani na Wasovieti ndani ya Sputnik ya pili, Novemba 1957. Kijana wa bodaboda aliuliza kama waliompeleka walikuwa na mpango wa kumrudisha. Nikamjibu kwamba hawakuwa nao. Wakamzungumza mbwa yule hadi usiku wa manane, na miongoni mwao hapana aliyeniuliza fasihi hiyo ni ya aina gani.

Sisemi kwamba wote walipendezwa. Mama lishe mmoja alisema watu hawa wanasikiliza muziki na kunywa mvinyo mno, na kazi yao haionekani. Mzee mmoja aliudhika kwa mwanamke kumpenda mwanamke mwenziwe, akaondoka usiku wa pili. Usiku wa nne alirudi, akasema hakumfuata Sumire, amemfuata yule mwalimu, kwa kuwa anajua maana ya kumngoja mtu asiyekungoja. Na simu ilipolia katika kurasa za mwisho, Sumire akisema amerudi, wakagawanyika: hawa wanasema karudi kweli, wale wanasema mwalimu anaota. Ubishi huo ndio walio nao wahakiki wakubwa wa ng'ambo. Iweje huko uitwe uhakiki na Nyarugusu uitwe kutoelewa?

Tusiwastaajabie. Oktoba 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, ardhi iliporomoka ikawafunika wachimbaji. Watano wakatolewa hai mwezi uliofuata, baada ya siku 41, wameishi kwa wadudu, vyura na maji ya matope. Na zamani kabla ya machimbo hayo, Wasukuma walisimuliana habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote, na Masala Kulangwa, mtoto aliyeliua na kulipasua wakatoka waliomezwa. Watu waliolelewa na hadithi hiyo, na wanaoshuka kila siku katika matumbo ya ardhi, ndio tunaosema hawatamwelewa msichana aliyetoweka kisiwani!

Nasi wa pwani tuna aibu zaidi, kwa kuwa tulijua tukasahau. Al-Inkishafi haikutungwa kwa maneno ya sokoni. Tenzi zetu zilisomwa mbele ya watu wasiojua kushika kalamu, wakazisikiliza, wakalia penye kilio na kuulizana penye fumbo. Hapana aliyewapima kwanza kama wanafaa. Kutoelewa mara moja kulikuwa ndiyo sababu ya kusoma tena. Leo tumemweka “mwananchi wa kawaida” mlangoni kama bawabu, tukamtungia ujinga asiokuwa nao, ili tuufiche uvivu wetu wenyewe. Maana asiyeelewa aghalabu ni yule mwenye shahada, aliyezoea kila hadithi imkabidhi funzo mkononi.

Wapo watakaoniambia kwamba watu kumi na watano si soko. Ni kweli, na karatasi ina bei. Lakini basi mchapishaji aseme hana fedha. Hilo nitalipokea bila ya kinyongo. Asiseme hawana akili.

Mswada ungali mezani kwangu. Simwombi mtu auchapishe kwa kunihurumia. Namwomba apande basi mpaka Geita, akae na watu hao jioni moja, awasomee sura ya pembea kwa sauti yake mwenyewe. Wakisinzia, nitautia motoni kwa mkono wangu.